Shaba iliyoganda ndani ya mtutu wa raifoli: dawa ipi, kwa bunduki ipi

Anayeuliza dawa ya shaba sugu kwa kawaida ameshatumia moja. Vitambaa alivyopitisha ndani ya mtutu vilitoka vya bluu, ishara ya shaba iliyoyeyuka, vikapauka, mwishowe vikatoka vyeupe. Halafu anamulika mdomo wa mtutu kwa tochi na kukuta michirizi myekundu ipo palepale juu ya matuta, ile miinuko ya ndani inayoizungusha risasi. Wengi hapo hukimbilia dawa kali zaidi. Mara nyingi ukali sio unaokosekana: dawa imefika kwenye masizi ya baruti na haiwezi kupenya.

Ala, yaani ganda la nje, ya vichwa vingi vya risasi za raifoli ni shaba nyekundu asilimia 90 hadi 95, na iliyobaki ni zinki. Kichwa kinapobanwa na kukwaruzwa na matuta ya mtutu huacha utando mwembamba wa shaba. Moto wa baruti huacha masizi juu yake. Kichwa kinachofuata hukandamiza masizi hayo na kubandika shaba nyingine. Ukipiga risasi mia na zaidi bila usafi wa maana, ndani kunakuwa na matabaka kama ya chapati. Dawa ya shaba haiyeyushi masizi, na dawa nyingi za masizi haziigusi shaba. Ndiyo maana dawa nzuri kabisa huonekana dhaifu, na ndiyo maana usafi wa mtutu uliochafuka sana huenda kwa kupokezana: masizi, shaba, masizi tena, shaba tena, mpaka zote mbili ziishe kutoa rangi.

Kwanza jua unachopambana nacho

Bunduki ndogo ya .22 LR (namba kama hizi hutaja kipenyo kwa sehemu ya inchi) haina shida ya shaba ya kuzungumziwa. Uchafu wake ni madini ya risasi na nta, na amonia haitauondoa. Raifoli za zamani za kijeshi kama Mosin-Nagant zinazopigiwa risasi za akiba zenye fataki za chumvi zina adui mwingine: chumvi hiyo hunyonya unyevu na kula chuma, na tiba yake ni maji ya moto siku hiyohiyo, kisha kukausha na mafuta. Hapo shaba ni jambo la baadaye.

Kwa raifoli nyingine, ondoa risasi zote, toa bolti (kifungio cha nyuma), hakikisha chemba, yaani pale risasi inapokaa, ni tupu kwa jicho na kwa kidole, kisha mulika mdomo wa mtutu kwa pembe. Sentimita 2 au 3 za mwisho husema mengi: shaba huonekana kama rangi ya waya mpya wa umeme juu ya matuta au kwenye kona za mifereji. Masizi magumu hukaa zaidi upande wa pili, kwenye koo la mtutu mbele kidogo ya chemba, na hayo hayaonekani kwa tochi. Kamera ndogo ya kuchungulia, kama zile za Teslong zinazounganishwa na simu, humaliza ubishi. Ubaya wake ni kwamba humfanya mtu afukuze kila doa. Mtutu wa kiwandani una alama za vyuma vilivyouchonga, na shaba kidogo iliyojaza alama hizo haidhuru kitu. Kinachotakiwa kukuamsha ni kundi la matundu kutanuka kwenye karatasi ya shabaha bila sababu nyingine.

Vifaa havitofautiani sana kwa njia zote, kwa hiyo tuvipite haraka. Fimbo ya kipande kimoja, iliyovikwa plastiki au ya nyuzi za kaboni, ni bora kuliko ya kuunganisha vipande. Kiongoza fimbo huingizwa mahali pa bolti ili fimbo isiburuze koo la mtutu na dawa isitiririkie kifyatulio. Brashi iwe ya nailoni. Ncha ya kusukumia kitambaa isiwe ya shaba ya manjano, kwa sababu dawa ya shaba huila ncha hiyo na kukupa kitambaa cha bluu hata mtutu ukiwa safi. Watu hupoteza jioni nzima wakisafisha ncha yao wenyewe. Kwa .30 kitambaa cha pamba cha mraba wa sentimita 5 hivi hutosha, kwa .375 kikubwa kidogo. Kiende kwa nguvu ya mkono mmoja. Kikihitaji kugongwa ni kikubwa mno. Kirudishe ulikotoka, usikipige nyundo.

Amonia kali: haraka, lakini ina saa yake

Kundi hili ndilo la dawa kama Sweet's 7.62 ya Australia na Barnes CR-10. Harufu yake inakutambulisha kabla hujafungua kifuniko vizuri. Kwa kasi ya kula shaba, kati ya dawa za chupa haina mshindani wa kweli: dakika chache na kitambaa ni bluu ya wino.

Njia yenyewe: toa masizi kwanza kwa dawa ya kawaida ya mtutu na brashi, kausha. Dondoshea dawa kwenye kitambaa, usichovye kitambaa au brashi ndani ya chupa, kwa sababu uchafu unaoingia huharibu iliyobaki. Lowesha mtutu mzima kwa vitambaa viwili, piga brashi ya nailoni mara kumi hivi kwenda na kurudi, acha dakika 5 hadi 10. Sukuma vitambaa vikavu. Rudia. Sweet's isizidi dakika 15 ndani ya mtutu kwa kila duru, na usiiache ikauke kamwe.

Kuna jambo ambalo wengi hulikosea hapa. Amonia haiyeyushi shaba peke yake. Inahitaji oksijeni ili shaba igeuke kuwa ile chumvi ya bluu. Utando mwembamba wenye hewa ndani ya mtutu hufanya kazi vizuri kuliko mtutu uliozibwa na kujazwa dawa mpaka juu. Wapigaji wa raifoli ya Springfield M1903 walilijua hilo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, enzi ambazo vichwa vilivikwa shaba iliyochanganywa na nikeli na kuacha mabonge ndani ya mtutu. Wao walijaza mtutu kweli, lakini mchanganyiko wao wa amonia ulitiwa pia amonia pasulfeti, kemikali inayoleta oksijeni yake yenyewe. Uliondoa mabonge, na pale ulipokauka juu ya chuma uliacha kutu ya kutisha. Ala za shaba na zinki zilipochukua nafasi kuanzia miaka ya 1920, mabonge yakapungua na dawa ile ikakosa kazi.

Kasoro za amonia ni mbili. Ya kwanza ni hewa: fanya kazi hiyo nje au penye madirisha wazi, vaa glavu, na usiruhusu dawa yoyote yenye klorini, kama zile za kung'arishia nguo nyeupe, ikaribie, maana zikichanganyika hutoa gesi ya sumu. Ya pili ni kwamba nyingi zina maji na hazilindi chuma. Mtu wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam anajua hewa ya pwani inavyofanya chuma kikavu usiku mmoja. Baada ya duru ya mwisho pitisha vitambaa viwili vya spiriti, viwili vikavu, kisha kimoja cha mafuta ya bunduki, papo hapo, si baada ya chakula.

Chupa ya zamani pia hudanganya. Amonia huvukiza, na chupa iliyofunguliwa mara nyingi hubaki na harufu kidogo na nguvu kidogo. Chukua nyuzi chache za waya wa umeme, ziweke kwenye kifuniko, dondoshea matone machache. Baada ya robo saa matone yasipoanza kuwa bluu, tupa chupa.

Amonia ya kusafishia nyumba isiwe mbadala. Haina viambato vya kulinda chuma, na hujui nini kingine kimetiwa humo.

Dawa za chupa zisizo na amonia: za kila siku

Bore Tech Eliminator na KG-12 ndizo zinazotajwa zaidi. Zinashika shaba kwa kemikali nyingine, hazinuki, na zinavumilia kukaa muda mrefu zaidi kwenye chuma. Ukilinganisha na Sweet's, duru moja huondoa kidogo zaidi, lakini unaweza kuziacha nusu saa huku ukifanya mengine, na kazi hufanyika sebuleni bila kugombana na mtu. Kwa Eliminator kuna faida ya ziada: hushughulikia na masizi kiasi, kwa hiyo kupokezana kunapungua.

KG-12 ina tabia ya kuchanganya. Haigeuki bluu. Inatoka na rangi ya kahawia au ya chungwa, na mtu aliyezoea bluu hudhani haifanyi kazi au kwamba mtutu umekwisha kuwa safi. Ukiitumia, hukumu kwa macho au kwa kamera, ama mwishoni pitisha kitambaa cha dawa nyingine inayobadilika bluu kama kipimo.

Kwa shaba ya kawaida ya msimu mmoja, kundi hili linatosha na tungelitaja la kwanza. Kwa shaba ya miaka mingi litafika, ila kwa siku mbili au tatu za kurudia. Hoppe's No. 9, iliyopo tangu 1903 na inayopatikana karibu kila duka la silaha, isiwekwe kwenye mashindano haya: ni nzuri kwa masizi, ila kwa shaba sugu ni polepole mno. Itumie kwenye zamu ya masizi.

Povu: kwa mwenye usiku mmoja na uvivu wa halali

Povu kama Wipe-Out hupulizwa ndani ya mtutu kutoka upande wa chemba, hutanuka na kujaza mifereji yote, kisha huachwa. Kati ya dawa hizi ni njia pekee ambayo haihitaji kusugua, na kwa sababu hiyo ndiyo isiyochosha koo wala ukingo wa mdomo wa mtutu. Nusu saa huonyesha rangi. Usiku kucha huonyesha kazi. Povu lisilo na amonia limetengenezwa kwa ajili ya kulala ndani ya mtutu. Si mapovu yote yako hivyo, soma kopo kabla hujaenda kulala.

Kinachoharibika hapa ni uchafu na haraka. Watu hubonyeza kopo sekunde nyingi, povu hurudi nyuma, huingia kwenye kifyatulio, magazini na chini ya mbao za kitako, na huko hukauka na kunata. Bonyeza kidogo tu, sekunde moja au mbili, ukitazama mdomo wa mtutu, likichungulia, acha. Laza bunduki mdomo ukiwa chini kidogo, weka gazeti kuukuu chini. Asubuhi sukuma vitambaa vitatu au vinne vikavu. Vikitoka bluu nzito, rudia usiku wa pili. Vikitoka hafifu na kamera bado inaonyesha shaba, umefika kwenye masizi: sasa ni zamu ya dawa ya masizi na brashi, kisha povu tena. Povu lenyewe kwa masizi magumu ya koo la mtutu halifai.

Kati ya povu na Sweet's, kwa mtutu uliochafuka sana, tunalipendelea povu kuanza nalo. Amonia itamaliza kwa jioni moja kile ambacho povu litamaliza kwa siku tatu, lakini jioni hiyo ni ya fimbo kuingia na kutoka mara mia mbili, na fimbo iliyobebwa vibaya huharibu mtutu kuliko shaba. Anayesafiri na bunduki kwa ndege aliulize shirika mapema kuhusu makopo ya shinikizo. Hapo chupa ndogo isiyo na amonia ina raha zaidi.

Kusugua: baada ya kemikali, si badala yake

JB Bore Cleaning Compound na Iosso ni krimu zenye chembechembe laini mno za kusugulia. Hazibagui: shaba, masizi, madini ya risasi, vyote huondoka. Kwa masizi yaliyoungua kwenye koo la mtutu mara nyingi ndizo pekee zinazofanya kitu, na ndiyo sababu hufungua njia kwa dawa ya shaba iliyokwama. Tumia hivi: zungushia kitambaa brashi kuukuu ya nailoni yenye ukubwa mdogo kuliko mtutu, ipake krimu ndogo na tone la mafuta, kisha nenda kwa mapigo mafupi ya sentimita 10 hivi. Sentimita chache mbele ya chemba zipewe mapigo mengi zaidi, kwa sababu masizi yako huko. Mapigo ishirini, badilisha kitambaa, tazama. Usiruhusu kitambaa kitoke nje ya mdomo wa mtutu na kurudi. Kila kikitoka na kurudi hula ukingo, na ukingo usiolingana pande zote huzungusha risasi vibaya inapotoka.

Baadaye safisha krimu yote kwa dawa na vitambaa mpaka vitoke safi. Mabaki yake kwenye chemba au mbele ya kichwa cha risasi si jambo la kupuuza.

Krimu si dhambi kama wanavyodai wengine, na mtutu mbovu wa kiwandani unaweza hata kulainika na kushika shaba kidogo zaidi baadaye. Lakini kuanza nayo kila mara ni kujichosha bure na kuuchosha mtutu. Kwa mtutu uliopakwa kromu ndani, kama wa AK au AR-15 nyingi, hatuoni haja yake: kromu yenyewe haishiki shaba sana, na povu au dawa isiyo na amonia hutosha.

Brashi ya chuma cha pua iache dukani.

Umeme: kwa mitutu iliyosahauliwa tu

Kifaa cha Outers kilichoitwa Foul Out kilifanya kazi kwa kuugeuza upakaji wa shaba kinyumenyume. Chemba inazibwa kwa kizibo cha raba, mtutu unajazwa maji ya kemikali, fimbo ya chuma inakaa katikati bila kugusa kuta. Mtutu unaunganishwa na chanya, fimbo na hasi. Shaba hutoka ukutani na kuganda kwenye fimbo, ambayo huchomolewa, kufutwa na kurudishwa. Wengine hutengeneza chao kwa betri ya volti 1.5.

Inaondoa shaba ambayo njia nyingine zingechukua wiki, na hufika kwenye mashimo ya kutu ambako brashi haigusi. Hatari yake ni kwamba haijui pa kukoma. Shaba ikiisha, au ukiongeza volti, chuma cha mtutu ndicho kinachoanza kuliwa. Ukikosea chanya na hasi huondoi chochote. Ukiweka chumvi ya mezani ili umeme upite vizuri, unakaribisha mashimo. Na masizi yanazuia umeme kama yanavyozuia dawa, kwa hiyo hata hapa huponi kupokezana. Kwa raifoli ya vita vya zamani iliyonunuliwa na mtutu mweusi ndani, ni sawa. Kwa mtutu wa mashindano au bunduki ghali ya kuwindia, hapana. Kwa mtutu wa kromu, hapana kabisa.

Bunduki yako ni ipi?

Raifoli ya bolti ya .308 au .30-06 inayopigwa risasi chache kwa mwaka: dawa isiyo na amonia, na povu mara moja mwishoni mwa msimu. Usihangaike zaidi.

.375 H&H na nyingine za kuwindia nyati zinahitaji maneno ya ziada, kwa sababu nyingi sasa hupigiwa vichwa vya shaba tupu bila madini ya risasi ndani. Vichwa vya kwanza vya aina hii, kama Barnes X, vilisifika kwa kuacha shaba nyingi. Vya baadaye, kama TSX, vilichongewa mifereji kiunoni ili kupunguza mkwaruzo. Hata hivyo, ukihama kutoka vichwa vyenye ala kwenda vya shaba tupu, safisha mtutu mpaka mwisho kwanza, kwa sababu aina mbili zikipandana mara nyingi shabaha hutawanyika na mlaumiwa huwa darubini. Hapa amonia kali ina nafasi yake halali: mtutu ni mnene, shaba ni nyingi, na safari ni kesho kutwa.

Bunduki ambazo haziwezi kusafishwa kutoka nyuma, kama M1 Garand na nyingi za wenzo (zinazopakiwa kwa kusukuma mkono wa chuma ulio chini), ziende kwenye povu karibu kila mara. Ikilazimu fimbo, weka kiongoza fimbo cha mdomo wa mtutu na geuza bunduki juu chini ili dawa isimwagikie ndani.

Mtutu wa mashindano uliosuguliwa kwa mkono hushika shaba kidogo sana. Dawa isiyo na amonia kila baada ya mazoezi, na kamera kuangalia masizi ya koo. Anayepakia risasi zake mwenyewe ana njia moja zaidi ya kujipunguzia kazi: baruti zenye kiambato cha kuzuia shaba, kama Hodgdon CFE 223. Wazo ni la zamani. Wafaransa walitia bati kwenye baruti ya mizinga yao kwa sababu hiyohiyo.

Ukimaliza, kwa njia yoyote, acha mafuta mepesi ndani ya mtutu wakati wa kuhifadhi, na yafute yote kwa vitambaa vikavu kabla ya kupiga tena. Risasi ya kwanza kutoka mtutu msafi mara nyingi haiendi ziendako zinazofuata. Piga tatu hadi tano kwenye karatasi ya shabaha, na ukiwa na safari ya uwindaji rekebisha darubini baada ya hizo, kisha usiguse ndani ya mtutu kwa dawa ya shaba mpaka urudi.